Daftari la Kikula: Saa za kuruka kwenye kompyuta zinahesabiwa lini?

Likasi. Chumba ni kidogo. Kina kitanda, meza na feni isiyozunguka. Juu ya meza kuna kompyuta ya zamani, usukani wa plastiki uliobanwa kwenye ukingo wa meza, na daftari la shule lenye mistari. Kijana mwenye chumba hiki, mkazi wa Kikula, moja ya komini nne za mji wa Likasi, ameomba nisimtaje jina kwa sababu wazazi wake wanaamini kwamba usiku huwa anadurusu masomo.

Kila ukurasa wa daftari ameugawa kwa rula. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili uwanja alioondokea, ya tatu uwanja aliotua, ya nne hali ya hewa, ya tano muda. Uwanja unaojirudia kuliko yote ni Luano wa Lubumbashi, ulio umbali wa kilomita zipatazo 120 kutoka hapa kwa barabara. Kwenye safu ya hali ya hewa kuna neno moja ambalo amelirudia karibu kila mstari: mawingu.

Aliniita yaya, kama wadogo wanavyowaita wakubwa wao hapa Katanga, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonileta: siku akipata pesa ya chuo cha urubani, saa hizi alizoandika zitahesabiwa?

Jibu fupi ni hapana, na nilimwambia hivyo. Lakini jibu refu linawahusu watu wengi zaidi yake. Linamhusu kila anayekata tiketi Luano katika musimu wa mvua, akaketi nyuma ya mlango uliofungwa, bila kujua waliopo mbele mara ya mwisho walitua lini bila kuona ardhi.

Sikio linalodanganya

Rubani akiwa nje ya mawingu anaongozwa na macho. Anaona upeo wa macho, anajua mbingu iko wapi na ardhi iko wapi. Akiingia ndani ya wingu, dirisha linakuwa jeupe au jeusi tupu, na hapo mwili unaanza kumdanganya. Ndani ya sikio kuna mirija midogo yenye majimaji ambayo hutuambia tunapogeuka. Ndege ikilala upande mmoja polepole sana, majimaji hayo hayashtuki. Mtu anahisi ameketi wima kumbe ndege inaendelea kupinduka. Akija kugundua na kuirudisha sawa, sikio linamwambia sasa ndiyo imelala, naye anaishawishika kuilaza tena.

Dawa ni moja: kuacha kuamini mwili na kuamini vipimo vilivyo mbele yake, kipimo kimoja baada ya kingine, bila kukodolea macho kimoja tu. Huko ndiko kuruka kwa vipimo, na kunahitaji kibali chake, tofauti na leseni ya kawaida ya urubani.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichukua wanafunzi 20 wa urubani ambao hawakuwa na ujuzi huo, wakawarusha huku wakiwazuia kuona nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, yaani dakika tatu kasoro sekunde mbili, kabla ya ndege kufika hali ambayo ingewaua kama mkufunzi asingekuwepo.

Mimi nilijaribu kwenye meza ya Kikula. Kijana alinipa usukani, akaiweka ndege ndogo juu ya Likasi, kisha akaleta mawingu kwa kubonyeza kitufe. Sikufika dakika mbili. Nilikuwa nimekodolea macho kipimo cha mwinuko, nikifurahi kwamba hakisogei, wakati kasi inapanda na bawa la kushoto limeelekea chini. Alicheka, akaanzisha upya. Nitarudi kwenye kitufe hicho cha kuanzisha upya, maana ndicho kiini cha mambo yote.

Usiku wa Douala

Anayedhani hii ni shida ya wanafunzi na waandishi wa habari aikumbuke safari namba 507 ya Kenya Airways. Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, Boeing 737-800 iliyokuwa ikitoka Abidjan kwenda Nairobi iliondoka Douala, Kamerun, baada ya kuchelewa kwa sababu ya dhoruba. Nje kulikuwa giza totoro. Haikuchukua dakika mbili, ikaanguka kwenye vinamasi vya mikoko karibu na uwanja. Watu wote 114 walikufa.

Ndege haikuwa mbovu, tena ilikuwa mpya. Nahodha alikuwa na zaidi ya saa 8,000 angani. Ripoti ya uchunguzi, iliyotolewa mwaka 2010, ilieleza kwamba nahodha alitamka neno la kuwasha mtambo unaoiongoza ndege yenyewe, lakini mtambo haukuwaka, na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia, polepole, kwa namna ambayo sikio haliwezi kuitambua. Hakuna aliyekuwa akivipitia vipimo. Kengele ilipolia, nahodha aliizungushia usukani upande uleule wa kulia. Wachunguzi waliandika kuwa marubani walipoteza mwelekeo gizani.

Saa 8,000 ni nyingi. Lakini ujuzi huu hauhifadhiwi kama pesa benki. Unachakaa usipotumika, na unachakaa hata kwa anayeruka kila siku kama mtambo ndio unaomfanyia kazi. Ndiyo maana sheria za anga haziulizi tu umeruka saa ngapi tangu uanze. Zinauliza umefanya nini hivi karibuni.

Mara sita ndani ya miezi sita

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka rubani wa ndege za abiria awe amepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizotangulia, katika ndege ya aina ileile au kwenye simuleta iliyoidhinishwa. Simuleta ni mashine inayoiga chumba cha marubani na namna ndege inavyoitikia. Zaidi ya hapo, kampuni lazima impime rubani wake mara mbili kwa mwaka, na kama ndege zake huruka kwa vipimo, apimwe kwa vipimo. Haruhusiwi kuyapanga majaribio hayo mawili mwezi mmoja na mwingine kisha akapumzika hadi mwakani.

Wamarekani wana hesabu iliyo wazi zaidi kwa rubani wa kawaida, yule asiye na kampuni nyuma yake. Ndani ya miezi sita ya kalenda lazima awe amefanya safari sita za kukaribia uwanja kwa vipimo, awe amezunguka angani kwa utaratibu wa kusubiri zamu, na awe amefuata mawimbi ya redio ya kuongozea ndege. Aliyemaliza sita zake mwezi Machi yuko salama kisheria mpaka mwisho wa Septemba. Oktoba mosi ikifika hajaongeza kitu, haruhusiwi kuingia mawinguni, hata kama kibali chake kimechapishwa kwenye leseni na hakina tarehe ya mwisho. Akipitisha miezi sita mingine bila kurekebisha, itabidi akajaribiwe upya na mtu mwenye mamlaka hayo.

Hapo ndipo simuleta inapopata thamani. Yale yote sita anaweza kuyafanya ndani ya chumba, ardhini, bila kuchoma hata lita moja ya mafuta. Zamani masharti yalikuwa mazito: kwenye mashine ndogo ilibidi ayarudie kila miezi miwili, akae si chini ya saa tatu, na mkufunzi awe pembeni akishuhudia ili aweze kuyaandika. Mwishoni mwa mwaka 2018 mamlaka ya anga ya Marekani ililegeza. Sasa rubani anaweza kufanya peke yake, na miezi yake ni sita kama ya aliyeruka angani. Anaandika kwenye daftari lake tarehe, mashine aliyotumia na alichofanya.

Nilipomweleza kijana wa Kikula jambo hili macho yalimwangaza. Peke yake, ndani ya chumba, na daftari. Si ndivyo anavyofanya?

Mchezo uliogeuka darasa

Kabla sijamvunja moyo, nilimsimulia habari ya Edwin Link, maana inamfanana.

Link alikulia Binghamton, jimbo la New York, ambako baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Vinanda vile vilipigwa kwa nguvu ya hewa, kwa pampu na mifuko kama viriba vya mfua vyuma. Mwaka 1929 Link alitumia pampu na viriba hivyohivyo kutengeneza ndege ndogo ya mbao isiyoruka. Inainama, inageuka, inayumba, huku imesimama palepale kwenye kiti chake. Alitaka ifundishe marubani. Wenye shule za urubani hawakuvutiwa, na nyingi za mwanzo zilinunuliwa na viwanja vya burudani, watu wakawa wanalipa kuzipanda kama bembea.

Mwaka huohuo wa 1929, Septemba 24, rubani Jimmy Doolittle aliruka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, akitegemea vipimo peke yake. Ilijulikana basi kwamba inawezekana. Lakini kujulikana hakukumfundisha mtu. Mapema mwaka 1934 serikali ya Marekani iliwapa wanajeshi kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, wakati wa baridi kali. Marubani wa jeshi walikuwa hodari mchana kweupe. Kwenye theluji na ukungu walianza kuanguka, na ndani ya wiki chache zaidi ya kumi walikuwa wamekufa.

Link alialikwa kukutana na wakuu wa jeshi huko Newark. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waliomsubiri walijua haji. Akaja, akatua. Juni mwaka huo jeshi liliagiza mashine sita, kila moja kwa dola 3,500. Vita ya Pili ya Dunia ilipokwisha zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 10,000.

Kwa hiyo kucheka mchezo wa kijana si haki. Mashine iliyookoa maisha ya marubani wengi ilianza kama bembea.

Anayepimwa ni mashine kwanza

Tofauti ya daftari la Kikula na daftari la rubani wa Marekani haiko kwenye bidii. Iko kwenye muhuri. Kabla saa za simuleta hazijahesabiwa, mamlaka ya anga huipima mashine yenyewe: je, vipimo vinasogea kama vya ndege halisi, usukani una uzito unaofaa, swichi ziko mahali pake, ikizimwa injini moja inaitikiaje? Ikipita, hupewa barua ya idhini inayotaja inaweza kutumika kwa nini na kwa kiasi gani. Barua hiyo ina mwisho wake. Mashine isiyo na barua, hata iwe na programu ileile iliyomo ndani ya mashine yenye barua, kisheria ni kompyuta tu.

Hapo kijana alikuwa na ubishi, na ubishi wake si wa kipuuzi. Baadhi ya mashine ndogo zilizoidhinishwa zinaendeshwa na programu anazoziona watu wakitumia nyumbani. Kama picha ni ileile na hesabu ni zilezile, kwa nini zake zisiwe na thamani?

Mimi naona thamani ipo, ila si ya kuandikwa. Anajua kusoma ramani za kukaribia uwanja, jambo ambalo wanafunzi wengi hulikuta chuoni kwa mara ya kwanza. Anajua mpangilio wa macho: kipimo cha upeo, kasi, upeo tena, mwinuko, upeo tena. Akifika chuo atakuwa mbele ya wenzake. Lakini amejifunza pia kitufe cha kuanzisha upya. Amejifunza kusimamisha dunia akienda kula. Hakuna anayezungumza naye redioni, hakuna mtahini anayemzimia kipimo bila kumwambia, na akikosea hakuna anayemwona. Mazoea mabaya yanaandikwa mwilini sawasawa na mazuri, tena bila kutumia kalamu.

Chuoni kwenyewe simuleta atakutana nayo kihalali. Kiwango cha ICAO cha kupata kibali cha kuruka kwa vipimo ni saa 40 za vipimo, na katika hizo saa 20 zinaweza kuwa za mafunzo ya ardhini, au hadi 30 ikitumika simuleta kamili. Kwa mtoto wa mlalahoi tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu saa ya mashine haitumii mafuta.

Mashine kubwa ni habari nyingine. Simuleta kamili ya Boeing au Airbus inasimama juu ya miguu sita inayoisukuma kila upande, ndani yake kuna chumba kizima cha marubani, na bei yake ni mamilioni ya dola. Uhalisia wake umefika mahali ambapo rubani mzoefu anaweza kuhamia aina mpya ya ndege akafanya mafunzo yote ndani ya mashine, na siku ya kwanza kuigusa ndege yenyewe akawa na abiria nyuma na mkufunzi pembeni. Abiria hawaambiwi. Pengine ni vizuri.

Tiketi ya Addis Ababa

Sasa turudi nyumbani. Hapa Katanga, ambako ndege tunaiita ndeke, watu wengi wanaopanda wanafanya hivyo kwa sababu nchi haina barabara ya kuwafikisha. Kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa hakuna njia ya ardhini ambayo mtu mwenye haraka ataichagua. Na mvua zetu, kuanzia Novemba hadi karibu Aprili, si za mchezo: wingu linajijenga mchana, jioni linamwaga.

Aprili 4, 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa aina ya CRJ-100 iliyotoka Kisangani ilijaribu kutua N'djili, Kinshasa, katikati ya dhoruba. Kati ya watu 33 waliokuwemo, alipona mmoja. Mashirika yaliyosajiliwa Kongo yamo kwenye orodha ya Ulaya ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka huko tangu orodha hiyo ianze mwaka 2006, na sababu kubwa si rangi ya ndege wala umri wake. Ni kwamba Ulaya haiamini usimamizi wa mamlaka ya nchi. Kwa maneno mengine, haiamini muhuri.

Desemba 1, 2024, ilianza Air Congo, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines asilimia 49, kwa ndege mbili za Boeing 737-800, na Lubumbashi ikiwa kati ya miji ya mwanzo. Wengi walizungumzia nauli. Mimi nilitazama kitu kingine: mshirika huyo ana chuo chake Addis Ababa chenye simuleta za aina kadhaa, Boeing 737 ikiwemo. Rubani wa Kongo anayerusha 737 ana mahali pa kujulikana pa kwenda kupimwa.

Mwenye kampuni ndogo ya ndege mbili tatu zinazobeba mizigo na watu wa migodi hana mlango huo. Kumpeleka rubani Johannesburg au Addis Ababa ni tiketi, hoteli, ada ya mashine kwa saa, na siku ambazo ndege imelala bila kuingiza hata faranga. Mara mbili kwa mwaka, kwa kila rubani. Hapo ndipo kishawishi cha kuandika kwenye karatasi kitu ambacho hakikufanyika kinapozaliwa, na ndipo mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga anapotakiwa kufika bila kupiga simu kwanza. Sijawahi kusikia abiria Luano akiuliza rubani wake alipimwa lini. Tunauliza kama kuna nafasi ya begi la pili.

Kilichoandikwa na kisichoandikwa

Usiku ule, nilipokuwa najiandaa kuondoka, kijana alitaka kunionyesha safari moja kamili. Aliondoka Kolwezi, akaweka mvua na usiku, akaelekea Luano. Hakusema neno. Macho yalikuwa yanatembea: upeo, kasi, upeo, mwinuko. Alizunguka mara moja kusubiri zamu ambayo hakuna aliyempangia, kisha akaanza kushuka. Kwenye kioo hakukuwa na kitu ila weusi.

Akiwa kwenye futi za mwisho, kabla taa za uwanja hazijaonekana, umeme ulikatika. Delestaji, kama tunavyoita mgao hapa kwetu. Kikula nzima ikawa giza, na majirani wakaguna kwa pamoja.

Aliwasha tochi ya simu, akavuta daftari. Aliandika tarehe, akaandika Kolwezi, akaandika Luano, mvua, usiku. Alipofika kwenye safu ya mwisho, ya muda, alisita. Nilimwambia aandike tu, si alikuwa amebakiza kidogo?

Akatikisa kichwa. Hakuuona uwanja, alisema, kwa hiyo hakufika. Akapiga mstari juu ya safari nzima kwa rula, akafunga daftari, akanimulikia njia hadi barabarani.